Mvua imekatika, kaunta inalia: maswali yenu kuhusu mionzi ya mvua

Safu hii kwa kawaida inachanganya maswali ya kila aina, ila toleo hili nimeweka ya mvua peke yake, maana tangu tuongelee vile vipima mionzi vidogo vya mkononi (kaunta) watu wamevinunua, na mwenye kaunta mpya anapima kila kitu ndani ya nyumba, saa ya ukutani, vigae, sabuni, paka, vitu vikiisha anakaa kusubiri mvua. Barua nyingi zinafanana kwa hiyo nimechagua chache zinazobeba nyingine.

Shikamoo mwalimu. Juzi mvua ilinyesha kama nusu saa hivi, ilipokatika tu nikafuta boneti la gari kwa tishu, nikaikunja nikaiweka kwenye kaunta, mchezo tu. Hapa ndani kaunta inasomaga mapigo 38 kwa dakika. Tishu ikasoma 212! Nikanawa mikono mara tatu na watoto nikawafungia ndani. Nikaendelea kupima, baada ya nusu saa 146, saa moja 97, saa mbili 53, saa tatu 41. Sasa sielewi, kaunta mbovu au mvua ina sumu? Na kama kulikuwa na kitu, kimeenda wapi, kimevukia ndani ya nyumba yangu? (Mwenye tishu)

Marahaba. Kwanza wafungulie watoto. Pili kaunta yako ni nzima, na wewe hapo umefanya kipimo kizuri kuliko wengi walioniandikia, kwa sababu hukuishia kwenye ile 212, ulirudi ukapima tena na tena na ukaandika saa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Namba moja ya kaunta haikuambii kitu umeshika nini, inakwambia tu kuna mapigo (kila pigo ni mnururisho mmoja uliodakwa), jina la kitu unalipata kwa kuangalia kinapungua kwa kasi gani.

Hadithi inaanzia chini ya miguu yetu. Udongo na mawe karibu popote duniani vina urani kidogo. Urani inaoza (yaani atomi zake zinageuka kitu kingine huku zikirusha mionzi) polepole mno, inapitia hatua kadhaa mpaka inafika kwenye radiamu (sio radi ya ngurumo, msinichanganye), na radiamu ikioza inazaa radoni. Hapa ndipo mambo yanabadilika, maana wote waliotangulia ni yabisi wamekwama kwenye jiwe lakini radoni ni gesi, haina rangi haina harufu na haishikani na mtu, inapenya kwenye vinyweleo vya udongo inatoka hewani. Nusu-maisha yake ni siku 3.8, yaani kila siku 3.8 nusu yake imeoza, muda unaotosha kabisa kupanda na hewa mpaka mawinguni.

Huko juu radoni inaoza na watoto wake sio gesi tena, ni chembe za metali. Wa kwanza ni poloni-218 (hiyo namba inataja aina ya atomi) anaishi dakika 3 tu, anafuata risasi-214 (risasi ile metali, sio ya bunduki) ya dakika kama 27, halafu bismuti-214 ya dakika kama 20. Chembe hizi zinanata kwenye vumbi la hewani, vumbi linaingia kwenye matone, matone yanaangukia boneti lako, wewe unakuja na tishu. Basi. Ulichokusanya ni risasi na bismuti, tena kwa kiasi cha kuchekesha: tishu ambayo ndani yake risasi-214 inaoza mara 10 kila sekunde ina atomi za hiyo risasi elfu 23 hivi. Hakuna mzani wala dawa ya maabara ingeziona. Zinaonekana kwa sababu moja tu, zina haraka ya kufa, na kila moja ikifa inapiga kelele.

Sasa tuangalie namba zako. Toa 38 kwenye kila kipimo, hizo 38 ni za hapo ndani kwako hata bila tishu. Zinabaki 174, 108, 59, 15 na 3. Nusu saa ya kwanza hazijashuka hata nusu, ila kutoka nusu saa mpaka saa moja zimeshuka karibu nusu na zaidi ya hapo zinaendelea kwa mwendo huohuo. Wengi wanafika hapa wanadhani wamekosea. Hapana, ni kwamba mwanzoni bismuti inakufa huku risasi inaizalia nyingine, kama ndoo inayovuja huku bomba bado linatiririsha, bomba likianza kukauka ndipo ndoo inashuka kweli. Mkunjo wa namna hiyo mwanzoni mwa grafu ni saini ya watoto wa radoni, na wewe umeupata kwa tishu.

Kwa hiyo hakuna kilichovukia. Vimegeuka. Baada ya bismuti inakuja risasi-210 ambayo nusu-maisha yake ni miaka 22, na kwa vile atomi ni zilezile chache lakini sasa zinakufa kwa miongo badala ya dakika, kaunta yako haiwezi kuzisikia tena. Ile 41 ya mwisho nayo usiihangaikie. Ukihesabu mapigo 38 kwa dakika moja, bahati peke yake inaweza kukuyumbisha kwa 6 juu au chini (ni kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe), kwa hiyo 41 na 38 ni kitu kimoja. Siku nyingine hesabu dakika 10 kwa mkupuo halafu gawanya, yumbo linashuka mpaka 2 hivi.

Na usijione wa kwanza kushtuka. Mwaka 1902 huko Cambridge, C. T. R. Wilson, yule aliyekuja kupata Nobel mwaka 1927 kwa chumba chake cha mawingu, alichukua maji ya mvua mabichi akayakausha kwenye chombo cha platinamu, akapima mabaki akakuta yana mionzi na inapungua nusu kwa kama dakika 30. Hana kaunta, hana skrini, ana kifaa cha kuonyesha chaji ya umeme inavyovuja, na akapata karibu kilekile ulichokipata wewe kwenye boneti.

Mwalimu mimi kifaa changu ni kile kinachochora spekta kabisa, sio cha kuhesabu tu. Baada ya mvua programu yake ikaniandikia kwa herufi nyekundu AYODINI-131 na chini yake SIZIAMU-137. Najua hivi vinatoka kwenye vinu vya nyuklia. Nimuambie nani? (Mwenye spekta)

Kwanza usimuambie mtu kwa saa tatu.

Hii barua nimeipata kwa namna saba tofauti kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Kifaa chako kinapima nguvu ya kila mnururisho wa gama unaoingia, inachora grafu ya hizo nguvu (ndiyo spekta), halafu programu inaangalia kilele kiko wapi na kutafuta jina kwenye orodha yake. Tatizo ni kwamba fuwele ndogo za vifaa vya mkononi haziangalii kwa jicho kali, kilele chake ni kinene. Ayodini-131 ina kilele kikubwa kwenye keV 364 (keV ni kipimo cha nguvu ya gama). Risasi-214 ya mvua ina chake kwenye 352. Tofauti ni 12 tu, na kilele chako kina upana mara mbili ya hapo au zaidi, kwa hiyo kwa kifaa chako hao ni mapacha wamevaa sare. Siziamu-137 iko 662 na bismuti-214 iko 609, hapo angalau kuna nafasi, lakini kama mashine haijasetiwa vizuri au imepigwa na baridi ya mvua ikayumba, 609 inasogea na programu inaishika inaipa jina la siziamu.

Kuna njia mbili za kuwatofautisha na zote ni bure. Ya kwanza, angalia ndugu. Risasi-214 haiji peke yake, pembeni ya 352 lazima uone kilele kingine kwenye 295, na bismuti-214 ukiacha 609 ina vingine juu kabisa kwenye 1120 na 1764. Siziamu haina kitu huko juu. Ukiona kilele kwenye 1764 na kimekuja pamoja na mvua, jua umemshika bismuti hata kama programu inaapa vinginevyo.

Ya pili ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Subiri. Risasi na bismuti za mvua baada ya saa tatu zimebaki kama asilimia 2. Ayodini-131 ina nusu-maisha ya siku 8, ndani ya saa tatu inapungua asilimia 1, usingeona hata tofauti. Siziamu ni miaka 30, hiyo utaiacha kwa wajukuu. Kwa hiyo weka tishu au maji yako hapo kwenye kifaa, usiyasogeze hata kidogo maana ukisogeza umbali umebadilika na kipimo hakifanani tena, kanywe chai, urudi. Vilele vimeyeyuka? Ilikuwa mvua. Vipo palepale vile vile, kwenye 364 na 662, na vinabaki hivyo mpaka kesho? Hapo sasa ndiyo upige simu kwa mamlaka ya mionzi, na hapo watakusikiliza kwa sababu una grafu na saa, sio herufi nyekundu.

Nyongeza kidogo. Ukipima usiku kucha unaweza kuona kitu kidogo kimebaki kwenye keV 239, usianze upya kuhangaika. Hiyo ni risasi-212 kutoka familia ya thori, binamu wa radoni anaitwa thoroni ndiye anayeizaa, na inapungua nusu kila saa 10.6. Thoroni mwenyewe anaishi sekunde 56 tu kwa hiyo wengi wao wanakufa kabla hawajafika mbali na ardhi, ndiyo maana mchango wake kwenye mvua ni mdogo.

Na ile programu ya kutaja majina kama ina swichi ya kuizima, mimi ningeizima.

Jana mvua kubwa sana, dakika 40, mitaro imefurika, tishu ikasoma kidogo tu. Leo manyunyu ya kijinga, tishu ikaruka mara mbili ya jana. Si ilitakiwa mvua kubwa ilete nyingi? (Msomaji wa siku zote)

Ingekuwa hivyo kama mvua ingekuwa inazaa hizo chembe, ila mvua ni mfagiaji tu. Zilizopo hewani ndizo zitakazoshuka. Mvua kubwa inazimwagia maji mengi kwa hiyo kila lita inabeba kidogo, manyunyu yana maji machache na matone madogo yanayokawia hewani yanakusanya vizuri, lita yake inakuwa nzito kwa mionzi. Tena mvua kubwa inaosha boneti lenyewe, zile chembe zilizotua dakika ya tano zimeshakwenda na maji kwenye mtaro wako uliofurika wakati unatoka na tishu.

Halafu kuna hewa yenyewe imetoka wapi. Bahari inatoa radoni kidogo mno ukilinganisha na nchi kavu, kwa hiyo wingu lililotoka kuzunguka siku kadhaa juu ya bara linakuja limebeba, lililotoka baharini moja kwa moja linakuja karibu mikono mitupu. Na kuna muda: chembe nyingi zilikuwa ndani ya wingu kabla hazijashuka, na kila dakika 27 unayochelewa risasi-214 imepungua nusu. Ukisubiri mvua ikatike kabisa, uvae viatu, utafute tishu, ya mwanzo huipati. Wanaofanya hii kazi kwa makini wanakinga mvua kwa vipande, chombo kimoja kila dakika chache, na kila chombo kinaandikwa saa ya kuanza na ya kufunga, bila hizo saa maji ni maji tu.

Haya maji ya mvua tunywe au tusinywe? (Mama wa watatu)

Kwa upande wa hizi chembe za radoni kunywa, hasa yakishakaa saa chache, hakuna kitu cha kukutisha hapo. Mwilini mwako sasa hivi kuna potasiamu-40 inayooza zaidi ya mara 4000 kila sekunde na umezaa watatu salama. Wastani wa dunia mtu anapata milisiveti 2.4 (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili na karibu nusu ya hiyo ni radoni ya kuvuta ndani ya nyumba, sio ya kunyeshewa nje. Kwenye maji ya mvua mimi ningeogopa kinyesi cha ndege kilichoko juu ya paa. Chemsha.

Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, nimesoma kuwa mvua ina beriliamu-7 inayotoka angani juu. Nataka kuipima kwa project yangu, nina kaunta ya Geiger na ndoo. Inawezekana? (Mwanafunzi)

Ndoo ni sawa. Kaunta hapana.

Beriliamu-7 ni kitu tofauti kabisa na hivyo vya radoni, haitoki ardhini. Miale ya kosmiki inaingia juu kwenye angahewa inagonga naitrojeni na oksijeni inazivunja, na moja ya vipande ni beriliamu-7. Inanata kwenye vumbi laini huko juu, inashuka taratibu, mvua inaikomba. Nusu-maisha yake ni siku 53 kwa hiyo huna haraka, lakini ndiyo shida yenyewe, isiyo na haraka haipigi kelele nyingi. Lita moja ya mvua mara nyingi ina bekereli moja hivi au chini yake kidogo, yaani atomi moja inaoza kwa sekunde ndani ya lita nzima. Tena katika kila kuoza mara 100 ni kama 10 tu zinazotoa gama, ya keV 478. Kaunta yako itaketi hapo inahesabu mionzi ya ukuta.

Unachohitaji ni detekta ya gerimani, ile inayopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, ndani ya boksi la risasi nene. Jicho lake ni kali, inaweza kutenganisha 478 na kile kilele cha 511 kinachokuwepo kila mahali. Chuo chako kama kina maabara ya mionzi nenda kaongee nao mapema, na uwe mpole maana utaomba mashine kwa siku nzima au zaidi kwa kila sampuli.

Kazi yako wewe ni maji. Kinga mvua nyingi, lita 10 au 20 sio mchezo, kisha yapunguze kwa kuyakausha taratibu au kuyapitisha kwenye rezini inayoshika ayoni. Na hapa nikupe kosa langu mwenyewe ulichukue bure. Mara ya kwanza nilikinga mvua ya wiki tatu kwenye ndoo ya plastiki, nikaifunika vizuri, nikajisifu, nikaipeleka kwa fundi wa detekta, tukapata kitu cha ovyo. Yeye akaniuliza tu, asidi uliweka? Sikuweka. Beriliamu kwenye maji yasiyo na asidi inapenda kunata kwenye kuta za chombo, kwa hiyo nilichompelekea ni maji, na beriliamu yangu ilibaki nyumbani kwenye ndoo. Siku hizi asidi kidogo ya hidrokloriki inaingia kwenye ndoo kabla ya mvua kunyesha, na mwisho naisuuza ndoo kwa asidi hiyohiyo nachanganya na sampuli. Usikinge maji yanayopita kwenye paa pia, paa nalo linanata, na linakupa na vumbi la mwaka jana.

Kingine, boksi la risasi. Ile risasi-210 niliyomtajia mwenye tishu iko pia ndani ya risasi ya kawaida ya viwandani, ndiyo maana maabara za vipimo vidogo sana zinatafuta risasi ya zamani, hata ya kwenye meli za Warumi zilizozama, sababu 210 yake imeshakufa karne nyingi. Mradi wako hauhitaji hayo, nimekwambia ili ujue kwa nini mtu anapiga mbizi kutafuta matofali.

Ukiipata, usiishie kwenye namba. Wanaopima mmomonyoko wa udongo wanaitumia hii beriliamu, kwa sababu inakaa kwenye milimita chache za juu kabisa za udongo, udongo wa juu ukihama na yenyewe inahama. Chagua swali la namna hiyo, project inakuwa na miguu.

Na tritiamu je? (Mwanafunzi mwingine, sentensi moja tu)

Tritiamu ni haidrojeni, imo ndani ya maji yenyewe, hata ukiyachuja vipi hutaiacha kwenye kichujio. Nusu-maisha miaka 12.3, mionzi yake (ya beta) ni dhaifu mno haipenyi hata dirisha la kaunta, inabidi uchanganye maji na kimiminika kinachomulika, na mara nyingi kwanza uyapunguze kwa umeme ili tritiamu ibaki nyingi. Zamani ilikuwa ya miale ya kosmiki peke yake, halafu majaribio ya mabomu yakaijaza mvua ya dunia mpaka kilele cha mwaka 1963, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 shirika la nishati ya atomiki la Umoja wa Mataifa, IAEA, pamoja na lile la hali ya hewa, WMO, wanakusanya mvua ya vituo vya nchi nyingi kuifuatilia. Bila maabara usijaribu.

Kaunta yangu naiacha nje usiku na mchana. Mvua ikinyesha inapanda kama mlivyosema. Lakini ikikatika, saa kadhaa baadaye inashuka CHINI kuliko kabla ya mvua, na inakaa huko siku nzima! Mvua inasafisha mionzi? (Mkesha)

Haisafishi. Inafunika. Sehemu kubwa ya mapigo ya nje yanatoka kwenye udongo, potasiamu na familia za urani na thori, na udongo ukilowa yale maji yanakaa kati ya gama na kaunta yako kama blanketi. Watoto wa radoni walioshuka na mvua wameshakufa, blanketi bado bichi, kwa hiyo unasoma chini. Andika pia udongo umekauka lini na uangalie kama mapigo yanarudi pamoja nao, halafu niandikie, maana barua za kushuka sina nyingi.